Daftari la Wimbi, Amukura

Tulikata shamba la marehemu kwa kamba ya katani,
vipande vitatu, hatua hamsini kwa ishirini,
nikapewa daftari mimi, mke wa kuja,
kwa kuwa nilifika kidato cha nne
na mwandiko wangu hauyumbi.

Cha kwanza ni cha mama mkwe, Asekenye.
Alirusha mbegu kwa mkono, kama atiaye mboga chumvi,
zikaota zilikotaka.
Akapalilia kwa kuchuchumaa, kisu kifupi kiganjani,
siku kumi na moja.
Nikaandika: siku kumi na moja.
Akasema, andika na mgongo.
Nikamuuliza, mgongo huandikwa kwa kipimo gani?
Akaendelea kupalilia.

Cha pili changu. Mistari, vijiti, kamba imekazwa.
Kiotacho nje ya mstari ni mgeni,
jembe hupita katikati bila kubisha hodi:
siku nne, na jioni bado nina nguvu za kusonga ugali.
Lakini kuna gugu lenye akili za mpangaji sugu.
Lilijipanga ndani ya mstari, bega kwa bega na wimbi,
jani lile lile, kijani kile kile,
likanitazama kama ndugu wa damu.
Asekenye akanishika kidole gumba:
bonyeza hapa chini, penye shina,
wimbi hujaa; mwenziwe ni bapa, huteleza.
Nikabonyeza. Nikang'oa wimbi.
Akacheka mpaka akakaa chini,
na ule mche akanishikisha, niende nao nyumbani.

Cha tatu, shemeji yangu Ekirapa,
bomba mgongoni, kopo la dawa kutoka Malaba,
asubuhi moja tu.
Kabla ya saa sita yuko kivulini na redio,
anatuhesabia majembe yetu.
Siku ya tatu kishona nguo kilijikunja
kama karatasi iliyosogea moto,
mchicha pori ukalala, nasi tukanyamaza.
Ila dawa haina kidole gumba.
Iliua yenye majani mapana,
pacha wa wimbi akabaki
amepanuliwa chumba.

(Kiduha kilituingia sote, hakikuuliza njia ya nani.
Majuma kadhaa chini, mdomo mzizini, kimya,
kilipotoa maua yake, mazuri kuliko kitambaa cha altari,
wimbi lilikuwa limekwisha kulipa.
Tuking'oa, tukachoma kabla hakijatia mbegu.
Hilo nililiandika kwa kalamu nyekundu.)

Kisha, juma la mvua nyingi,
nikapita kipande cha Ekirapa nikitafuta mbuzi.
Pacha hayupo.
Yuko ukingoni, ameng'olewa, mizizi juu, lundo kwa lundo,
na kwenye tope, kutoka kona hadi kona,
vishimo viwili viwili,
vya duara, vikubwa kama bakuli za uji.
Magoti.

Nikaamka alfajiri ya pili nikamkuta.
Mama, umeniharibia hesabu.
Akasema, hesabu yako ina usingizi, mimi sina.
Nikilala naliona linakua.

Tulipovuna tukapima kwa gorogoro, mbele ya wote:
Asekenye thelathini na moja,
mimi thelathini na nne,
Ekirapa thelathini na nane.
Akapiga bomba lake konzi, tupu, likalia kama ngoma.
Mmeona? akasema. Asubuhi moja!
Asekenye alikuwa anapepeta. Hakuinua uso.

Usiku nikafungua ukurasa wa gharama.
Kipande cha tatu: kopo moja.
Asubuhi moja.
Kalamu ikasita, nikaongeza:
magoti mawili, alfajiri, idadi haijulikani.

Ekirapa husoma kwa kidole, neno baada ya neno.
Kidole kilifika pale kikasimama.
Hakuuliza.
Alitoka na baiskeli kuelekea sokoni,
akarudi na chupa ya mafuta ya kukandia,
akapita meza yetu, redio imezimwa,
akaingia kwa mama yake.